Vyombo vya Mjane wa Rhamu ni vya Nani?

Mjane anapofariki Rhamu, maswali ya wanaume huwa yanajulikana. Ana ngamia wangapi, na wako malisho gani? Ploti ina karatasi au haina? Nani alikuwa akimdai, na yeye alikuwa akimdai nani? Vilivyomo ndani ya nyumba, yaani mikeka, sufuria, birika, vyombo vya maziwa, sanduku la bati lenye nguo na marashi, chetezo cha ubani, mara nyingi huachiwa wanawake wavigawe. Mabinti, dada, wifi na jirani wa karibu huketi wakaelewana kwa sauti ya chini, na siku chache baadaye nyumba imeshapungua bila karatasi yoyote kuandikwa.

Uchambuzi huu unahusu hivyo vitu. Bei yake sokoni ni ndogo ukiiweka kando ya ngamia mmoja, na pengine ndiyo sababu husahauliwa tunapojadili mali ya wanawake wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Naona tunakosea sana. Kwa wafugaji wa Kisomali, nyumba yenyewe na karibu kila kilichomo ndani yake vilikuwa vya mwanamke tangu siku ya harusi. Leo, katika mji huu wa Kaunti ya Mandera ulio kando ya Mto Daua, ng'ambo yake ikiwa Ethiopia, nyumba imekuwa ya mawe na mabati, nayo imehamia mikononi mwa mwanamume bila mtu kupiga mbiu. Mjane wa leo anarithi thumni ya kitu ambacho bibi yake alikimiliki chote.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza tuitazame ile nyumba ya zamani. Nyumba ya herio, ambayo Wasomali wengi huiita aqal, husimama juu ya fito zilizopindwa, nyingine zikiwa mizizi ya mgunga iliyokunjwa ingali mibichi hadi ikauke na umbo lake. Juu ya fito hutandikwa mikeka minene ya kusukwa, na kamba hushika kila kitu mahali pake. Wanawake ndio wanaokata, wanaosuka na wanaosimamisha. Siku ya kuhama wao ndio wanaoifungua, na fito zilezile zilizokuwa paa hugeuka kuwa tandiko la mizigo mgongoni mwa ngamia. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu majengo ya wahamaji wa Afrika, alionyesha kwamba kwa jamii nyingi za jangwani, wakiwemo Wagabra na Warendille wa kaskazini mwa Kenya, mjenzi wa nyumba na mwenye nyumba ni mtu mmoja, naye ni mwanamke.

Umiliki huo una chanzo chake katika ndoa. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wasomali wa kaskazini katika miaka ya 1950 na kuchapisha A Pastoral Democracy mwaka 1961, aliandika kuhusu mali zinazopita baina ya pande mbili za ndoa. Upande wa mume hutoa yarad kwa watu wa mke. Upande wa mke nao hurudisha dhibaad, na ndani ya dhibaad kuna nyumba yenyewe pamoja na vyombo vyake, na mara nyingi ngamia wa kuibeba. Kando ya hayo yote yako mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya bibi harusi peke yake. Kwa hiyo mwanamume anapoingia usiku wa kwanza katika nyumba mpya, anaingia katika nyumba ambayo mama mkwe wake na jamaa zake wameisuka. Kama ana wake wawili, kuna nyumba mbili, kila moja na mwenyewe. Akimwacha mmoja, mwanamke huyo anaweza kufungua kamba zake, kupakia mikeka yake na kurudi kwao na nyumba yake.

Kati ya vyombo vyote, kile kinachoeleza habari hii vizuri zaidi ni chombo cha maziwa. Ile haan inayoonekana sokoni ikiwa na kifuniko na mikanda ya ngozi husukwa kwa nyuzi za mizizi, zilizobanwa mno hata maziwa hayapenyi. Kuisuka huchukua wiki nyingi za kazi ya vidole katikati ya kazi nyingine. Ikishakamilika hupakwa mafuta, kisha hufukizwa: mwanamke huchukua kaa la mti aliouchagua, hulitia ndani, hufunika, hutikisa, hutoa majivu, hurudia. Moshi husafisha chombo, huyafanya maziwa yadumu, na huyapa ladha. Kila mama ana mti wake na kiasi chake cha moshi, na mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya haan fulani huitambua ladha hiyo hata akiwa mtu mzima. Chombo kinachotunzwa hivi hudumu miaka mingi, na kadiri kinavyofukizwa ndivyo kinavyozidi kuwa cheusi na kutamaniwa. Ndiyo maana binti akipewa haan ya mama yake haoni kwamba amepewa kikapu.

Katika mfumo huo urithi haukungoja kifo. Mama alipomwoza binti wa kwanza alitoa baadhi ya vyombo, alipomwoza wa pili akatoa vingine, akasuka vipya kwa nguvu zilizobaki. Alipofika uzee, sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa tayari imesimama katika nyumba za mabinti zake. Kilichobaki kugawanywa baada ya mazishi kilikuwa mabaki: mikeka michache, gorof ya kukamulia, nguo, ushanga. Mgao mkubwa ulikuwa umekwisha zamani, mbele ya watu wote, kwa vigelegele.

Linganisha na Uingereza ya karne ya 16 na 17, nchi ambayo wajane wake wameacha maandishi mengi sana kuhusu vyombo vya nyumbani. Huko msichana alipoolewa, fedha zake, ng'ombe wake, sufuria zake na shuka zake vilikuwa vya mumewe papo hapo. Ardhi yake ilibaki kwa jina lake lakini mume ndiye aliyeisimamia na kula mavuno yake. Sheria ya Wosia ya 1540 iliwaruhusu watu kuusia ardhi, na muda mfupi baadaye sheria nyingine ikaeleza wazi kwamba wosia wa mwanamke aliye ndani ya ndoa kuhusu ardhi ni batili. Kuusia hata vijiko alihitaji ridhaa ya mumewe. Mlango ulifunguka siku alipofiwa. Mjane alikuwa mtu kamili mbele ya sheria, na akitaka kuandika wosia hakuna wa kumzuia.

Basi wajane wakaandika. Tangu 1529 sheria iliagiza mali inayohamishika ya marehemu iorodheshwe kabla wosia haujathibitishwa, na majirani waaminifu waliingia chumba kwa chumba wakihesabu godoro la manyoya, mito, vyungu vya shaba nyeusi, sahani za madini, mashuka, makabati. Karatasi hizo zilitunzwa na mahakama za kanisa, ambazo zilishughulikia wosia hadi 1858, ndiyo sababu maelfu kwa maelfu yamesalia. Mjane anamwachia binti mkubwa godoro bora na binti mdogo lile linalofuata, mjukuu wa kike chungu, mtumishi gauni, mtoto wa ubatizo kijiko cha fedha. Anaeleza kila kitu kwa alama zake, kwa sababu wanaosikiliza wanakijua: chungu chenye miguu mitatu, sanduku lililo chini ya dirisha. Mwanahistoria Amy Louise Erickson, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mali ya wanawake wa Uingereza ya zama hizo, alionyesha kwamba familia za kawaida zilijitahidi kuwapa mabinti vitu vyenye thamani isiyo mbali na ile ya ndugu zao, wavulana wakipewa ardhi na wasichana vyombo, ingawa sheria ilivyoandikwa ingekufanya udhani mabinti hawakupata kitu.

Matajiri walikwenda mbali zaidi. Elizabeth Talbot, Bibi wa Shrewsbury, aliyefiwa na waume wanne, aliandika wosia mwaka 1601 na kuuambatanisha na orodha ya vyombo vya majumba yake, likiwemo Hardwick Hall, akitaka mapazia na samani za Hardwick zibaki pale kizazi hadi kizazi. Alifariki 1608, na sehemu ya vitu hivyo ingali katika jumba lile. Tofauti yake na wanaume wa enzi yake inaonekana ukiutazama wosia wa William Shakespeare, mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1616 alimwachia mkewe Anne kitanda chake cha pili kwa ubora. Wataalamu wamebishana miaka na miaka kama ilikuwa dharau au mapenzi. Mimi hunigusa jambo lililo wazi zaidi: mwanamke aliyeolewa miaka zaidi ya 30 alihitaji maandishi ya mume ili kitanda kiwe chake. Wanawake wa Uingereza walioolewa walisubiri hadi sheria ya 1882 ndipo wakamiliki mali zao kama watu wengine.

Hapa ndipo penye fundisho kwa Rhamu. Mtafiti akienda kutafuta wosia wa wajane wa Mandera wa miaka 100 iliyopita ataondoka mikono mitupu, naye anaweza kuhitimisha kwamba wanawake hawa hawakuwa na cha kuusia. Atakuwa ameusoma ukimya huo kinyume. Mjane wa Kiingereza aliandika kwa sababu ndoa ilikuwa imemnyang'anya, na ujane ndio uliomrudishia kalamu. Mwanamke wa Rhamu hakunyang'anywa. Katika Uislamu mke na mume kila mmoja ana mali yake, ndoa haizichanganyi, na nyumba ya herio ilikuwa mali inayoonekana na kila mtu. Hakukuwa na haja ya karatasi kuthibitisha kilichokuwa kimesukwa mbele ya kijiji kizima.

Tena sheria yenyewe ya Kiislamu haimpi mwanamke huyo nafasi kubwa ya kuandika apendavyo. Wosia wa Mwislamu hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na haumfai mrithi aliyekwisha kupangiwa fungu lake, isipokuwa warithi wengine waridhie. Mama hawezi kuandika kwamba haan bora ni ya binti fulani baada ya kufa kwake, akategemea maneno hayo yasimame peke yake. Binti ni mrithi. Fungu lake limeshatajwa katika sura ya Nisaa, na sura hiyohiyo inasema wazi kwamba wanaume na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Neno hilo la kidogo lina uzito. Kijiko kimo. Mkeka umo. Hakuna chombo kilicho duni kiasi cha kuwa nje ya mirathi.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano wa kutunga. Mjane ameacha wavulana wawili na wasichana watatu, wazazi wake walishafariki, na vitu vya nyumbani vimekadiriwa Sh70,000. Mvulana hupata mara mbili ya msichana, kwa hiyo mafungu ni saba: wavulana Sh20,000 kila mmoja, wasichana Sh10,000 kila mmoja. Kwenye karatasi mambo yameisha. Ndani ya nyumba ndiyo kwanza yanaanza, kwa kuwa haan haikatiki vipande saba, na mvulana anayeendesha lori kati ya Mandera na Nairobi hana la kufanya na gorof. Hapo ndipo wanaelewana. Fiqhi ina njia ya mrithi kuchukua kitu mahsusi na kujitoa katika vingine kwa ridhaa, na wanavyuoni huiita takharuji. Wavulana huchukua mbuzi au redio au huacha kabisa, wasichana huchukua vyombo. Wakisikizana, mgao ule wa wanawake wa sauti ya chini nilioanza nao ni halali kabisa, hata bila kadhi kusikia.

Lakini una sharti, na masheikh hulikumbusha mara kwa mara: ridhaa ni ya mtu mzima mwenye akili timamu. Kama miongoni mwa warithi kuna mtoto, fungu lake halitolewi kwa ukarimu wa mtu mwingine. Desturi ya kugawa nguo za marehemu kama sadaka kabla mirathi haijahesabiwa, ambayo watu huifanya kwa moyo mwema kabisa, inaweza kuwa ni kumpunja yatima dera za mama yake. Aya inayofuata ile ya kidogo au kingi inaelekeza kwamba jamaa wasiorithi, mayatima na masikini wakihudhuria mgao, wapewe chochote na wasemeshwe kwa wema. Jirani aliyemuuguza mjane miezi mingi ana mahali pake hapo, baada ya mafungu kujulikana.

Wosia wenyewe, ile theluthi, una kazi ambayo watu wengi wa kaskazini mashariki hawaitumii ipasavyo. Unawafaa hasa wale ambao mirathi haiwaoni. Mjukuu wa kike kwa upande wa binti, yule aliyelala na bibi yake kila usiku akimchotea maji, kwa kawaida harithi kitu. Mtoto wa kulea harithi. Mtoto wa mke mwenza, hata kama mjane ndiye aliyemlea tangu kuzaliwa, harithi. Mjukuu ambaye baba yake alifariki kabla ya bibi huzuiwa na ami zake walio hai. Misri iliona uchungu wa jambo hili la mwisho, na sheria yake ya 1946 ikawawekea wajukuu wa aina hiyo wosia wa lazima. Kenya haina sheria kama hiyo, kwa hiyo bibi ndiye wa kusema kwa kinywa chake. Ukiwatazama hawa wanaongoja theluthi, wajukuu, watoto wa kulea, walezi na majirani, unawaona karibu watu walewale ambao wajane wa Kiingereza waliwakumbuka kwa vijiko na magauni.

Nairudia nyumba, kwa sababu ndiyo kiini cha yote. Ukame wa mara kwa mara umewatoa watu nyikani na kuwakusanya mijini, na ule wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, uliwamalizia wengi mifugo. Ukifika Rhamu leo utaona mashamba ya vitunguu na miembe kando ya Daua, maduka, shule, na nyumba za kuta ngumu. Herio zipo bado, nyingine zimefunikwa turubai na magunia, lakini kwa familia nyingi zimekuwa hatua ya muda kuelekea nyumba ya mabati. Nyumba ya mabati hujengwa kwenye ploti. Ploti huandikwa kwa jina, na jina mara nyingi ni la mume. Fedha za mawe na saruji hutoka kwake, au kwa ndugu yake aliye Nairobi au ng'ambo. Hakuna aliyekusudia kumnyang'anya mwanamke kitu. Alipewa nyumba bora isiyovuja, akafurahi, na mama yake akafurahi pia, kwa sababu hakulazimika tena kusuka mikeka miezi kadhaa.

Gharama huonekana mume anapofariki. Mume akiacha watoto, mkewe hurithi thumni ya mali yake. Kama wako wake wawili, hugawana thumni hiyohiyo, kila mmoja nusu yake, yaani moja ya 16. Wakati wa eda, miezi minne na siku kumi, ana haki ya kukaa katika nyumba ile. Eda ikiisha, amekuwa mshirika mdogo katika jengo ambalo angalau sehemu saba kati ya nane ni za wengine: watoto wake, watoto wa mke mwenza, pengine mama mkwe. Zamani swali la mjane atalala wapi halikuwepo. Angeweza kukubali dumaal na kuolewa na ndugu wa marehemu, au kukataa, lakini kwa vyovyote vile paa lilikuwa lake. Leo swali hilo ndilo la kwanza, na linampunguzia nguvu ya kukataa.

Sheria ya Kenya kwa Wakenya wasio Waislamu imeweka kinga moja hapa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inampa mwenzi aliyebaki vyombo vyote vya nyumbani moja kwa moja pale marehemu asipoacha wosia: samani, vyakula, nguo, vyombo vya jikoni, mapambo. Waislamu waliipinga sheria hiyo kwa kuwa iliingilia mirathi, na marekebisho ya 1990 yakawaondoa ndani yake. Katiba ya 2010, ibara ya 170, ikathibitisha mamlaka ya mahakama za kadhi katika ndoa, talaka na urithi, pale pande zote ni Waislamu na wanakubali kwenda huko. Nayaunga mkono marekebisho hayo bila kusita. Hata hivyo yana matokeo ambayo hayazungumzwi: mjane Mwislamu hana fungu la ziada la sufuria. Sufuria ya mume huingia katika mirathi kama kitu kingine chochote. Sufuria yake mwenyewe haiingii kabisa. Basi yote hurudi kwenye swali moja, sufuria hii ilinunuliwa na nani, au ililetwa na nani?

Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Wasomali, alilijadili swali hilohilo katika Al-Umm zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Mume na mke, au warithi wao, wakigombania vyombo vya nyumba waliyoishi pamoja, mwenye ushahidi hupewa. Kama hakuna mwenye ushahidi, wote wawili huapa, na kitu hugawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu kilikuwa mikononi mwa wote wawili. Abu Hanifa alikuwa na rai nyingine, kwamba vitu vya kike hupewa mwanamke na vya kiume mwanamume. Shafi hakuukubali upande huo, kwani mwanamume anaweza kumiliki vitu vya wanawake na mwanamke anaweza kumiliki silaha. Rai yake inamheshimu mwanamke kama mwenye mali kamili. Vilevile inamdai ushahidi, na ushahidi ndio uliokuwa rahisi zamani na mgumu sasa. Mikeka ya herio ilisukwa hadharani na shangazi zake. Friji na godoro vilinunuliwa kwa simu, na risiti ikapotea siku ileile.

Rhamu ina sababu zake nyingine za kukosa ushahidi. Mapigano ya koo za Garre na Degodia kati ya 2012 na 2014 yalichoma nyumba na kuwafukuza maelfu ya watu makwao, Rhamu ikiwa katikati ya mambo hayo. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaikumba Kaunti ya Mandera. Anayekimbia usiku humbeba mtoto. Sanduku la bati hubaki, na ndani yake hubaki mikufu, cheti cha ndoa kinachotaja mahari, na orodha, kama ilikuwapo. Wazee wanapokaa maslaha, yaani vikao vya suluhu, huhesabu roho na mifugo, kwa kipimo cha ngamia kinachojulikana tangu jadi. Natamani vikao hivyo vingehesabu kwa uangalifu uleule vyombo vya wanawake, vikataja haan na mikeka kwa majina ya wenyewe, kwa sababu mjane aliyerudi kwenye majivu amepoteza mali yake yote ya maisha hata kama hakuwa na mbuzi hata mmoja.

Kuna njia za kumrudishia mwanamke nyumba bila kugusa mirathi hata kwa ncha ya kidole. Mahari yanaweza kuwa ploti, au chumba. Mume aliye hai anaweza kumpa mkewe nyumba, jina likaandikwa upya. Anayejenga kwa fedha za mkewe, za duka lake la nguo au za mbuzi wake aliowauza, anaweza kukiri deni hilo mbele ya mashahidi, na deni hulipwa kabla ya mirathi. Hizi zote ni za mume. Na kwa mjane mwenyewe, mwenye vitu vyake anavyotaka vimfikie mtu anayempenda, njia iliyo wazi zaidi ni ileile ya bibi zetu, hiba, kumpa mtu angali hai.

Hiba ina mtego ambao nimeona familia nyingi zikinaswa nao. Bibi humwambia mjukuu, mbele ya wajomba zake, kwamba haan hii na mkufu huu ni vyako. Mjukuu hujibu, ahsante ayeeyo, yaani bibi, Mungu akupe umri, na kwa adabu haviondoi. Vitu vinabaki ndani, bibi anaendelea kuvitumia, kila mtu anajua ni vya nani. Siku bibi akifariki, vinahesabiwa kuwa mirathi, kwa kuwa kwa Mashafii hiba haikamiliki kwa maneno mpaka aliyepewa akabidhiwe. Akikabidhi akiwa katika maradhi yanayomuua, hiba hiyo hupimwa kama wosia, na mjukuu asiyerithi atapata ikiwa haikuzidi theluthi. Kwa hiyo bibi akabidhi mapema akiwa na afya. Amtie mjukuu haan mikononi na mkufu shingoni, mashahidi wawili wakiona, mmoja akirekodi kwa simu akipenda, naye mjukuu atoke navyo nje ya mlango. Kesho yake bibi akitaka kunywa maziwa katika chombo alichokizoea, amwazime mjukuu wake.